Mshahara wa Mkulima Haupandi Lori

Saa kumi na moja za alfajiri, wakati askari wa lindo la usiku anapoanza kuhesabu dakika za kukabidhi zamu, barabara iendayo Rumonge hapa Kinindo huwa imekwisha kuamka. Wanaoiamsha si wenye magari. Ni akina mama wanaoteremka kutoka milima iliyo juu ya mji, vikapu kichwani na watoto mgongoni, wakileta lengalenga, maharage mabichi, maparachichi na mikungu ya ndizi. Wanapita mbele ya malango ya chuma na kuta ndefu za mtaa huu wa watu wenye uwezo. Nyuma ya lango yupo kijana wa zamu, naye mara nyingi ni mtoto wa milima ile ile. Hivyo Kinindo, pamoja na bustani zake na nyumba zake nzuri za kando ya ziwa, hulishwa asubuhi na jembe la maskini na hulindwa usiku na mtoto wa maskini.

Ndugu askari na ndugu polisi, mmewaona akina mama hao mara nyingi, na pengine mmoja wao ni mama yako au shangazi yako. Makala haya yanataka tuwatazame kwa jicho jingine. Wale ambao nywele zao zimeanza kuingia mvi wanakumbuka kwamba katika nchi hii mlima mzima uliweza kuhamishwa kwa siku chache. Na kila mara watu walipohamishwa, hapa kwetu na kwa majirani zetu, aghalabu aliyeshika orodha, aliyeendesha lori na aliyesimama penye njia ya kuingilia alikuwa mtu aliyevaa sare. Kwa hiyo yatupasa kujua sawasawa ni kitu gani kinachopakiwa katika lori, na ni kitu gani kinachobaki nyuma.

Hesabu ya Kikosi na Hesabu ya Kaya

Katika shule ya makadeti tulifundishwa hesabu ya kuhamisha kikosi. Idadi ya watu, uzito wa mizigo, mafuta ya magari, maji ya kila mtu kwa siku, chakula cha safari na akiba ya siku za ziada. Mwalimu wetu hakukubali mpango ambao ulimfikisha askari mahali papya kabla ya kujulikana atakula nini siku ya pili. Hiyo ni elimu njema, na kila afisa anayo. Lakini hesabu ile ina siri moja ambayo wengi wetu hatukuitambua tulipokuwa vijana: inafaa kwa askari kwa sababu askari ni mtu wa mshahara.

Askari akipewa uhamisho leo kutoka Bujumbura kwenda Ngozi, atalalamika juu ya baridi, atawakumbuka rafiki zake, lakini mwisho wa mwezi mshahara wake utamfuata. Chakula cha kambini kitamkuta huko huko. Cheo chake hakishuki kwa sababu ya kuvuka mto. Mkulima sivyo. Mshahara wake umo ardhini. Umo katika migomba aliyoipanda baba yake, katika samadi aliyoimwaga kwa miaka kumi, katika kujua kwamba kona ile ya shamba hutuamisha maji na kona hii hukauka upesi. Mtu huyo akipandishwa lori, mshahara wake haupandi pamoja naye. Anafika mahali papya akiwa kama askari aliyefutwa kazi, hata kama amepewa nyumba yenye bati jipya.

Haya ndiyo maneno yote ya makala haya kwa kifupi. Kuhamisha nyumba ni kazi ya siku moja. Kuhamisha riziki ni kazi ya miaka, na wakati mwingine haiwezekani kabisa.

Kaya Maskini Ina Nini?

Tuchukue kaya moja ya mfano, kwa maana ziko nyingi zinazofanana nayo. Baba, mama na watoto watano wanaishi mlimani. Burundi ni miongoni mwa nchi za Afrika zenye watu wengi zaidi kwa eneo lake, na ardhi ya kaya kama hii aghalabu haifiki hata hekta moja. Mpitaji akiitazama atasema watu hawa hawana kitu. Atakuwa amekosea.

Karibu na nyumba wana migomba, na chini ya migomba wana maharage. Kwenye mteremko wana mihogo, ambayo ndiyo benki yao, maana muhogo hungoja ardhini mpaka siku ya shida. Bondeni wana kipande kidogo cha kulima viazi vitamu wakati wa kiangazi, ambapo kwingine kote ni vumbi. Wana mbuzi wawili ambao thamani yao kubwa si nyama bali samadi. Wana jirani wa kuwakopesha mbegu, na jirani huyo anawaamini kwa sababu aliwajua babu zao. Tena, mara tatu kwa juma, mama anaweza kuteremka Kinindo kuuza kikapu kimoja na kurudi na chumvi, sabuni na daftari la shule.

Hakuna hata kimoja katika vitu hivyo kinachoonekana katika orodha ya kuhamisha watu. Orodha huandika jina la mwenye kaya na idadi ya watu. Mtaalamu Michael Cernea, aliyefanya kazi Benki ya Dunia kwa miaka mingi akichunguza watu waliohamishwa kwa ajili ya mabwawa na miradi mingine, alizitaja hatari nane zinazompata mtu aliyeng'olewa mahali pake: kukosa ardhi, kukosa kazi, kukosa makazi, kushushwa hadhi, kukosa chakula cha uhakika, kuzidiwa na maradhi, kunyimwa matumizi ya mali ya wote kama kuni, maji na malisho, na kuvunjika kwa ujirani. Msomaji na ahesabu mwenyewe: nyumba ni moja tu kati ya hizo nane. Mpango unaojenga nyumba na kunyamaza umejibu swali moja na kuacha saba.

Septemba 1999

Hapa kwetu somo hili liliandikwa kwa kalamu nzito. Vita vilikuwa vimeanza mwaka 1993. Mwaka 1996 na 1997 watu wa mikoa kama Karuzi na Kayanza walikusanywa katika kambi. Kisha, kuanzia Septemba 1999, baada ya wapiganaji waliojificha milimani kuushambulia mji wa Bujumbura, ambao wakati ule ulikuwa mji mkuu, serikali ya siku hizo iliamuru watu wa milima inayouzunguka mji wakusanywe. Zaidi ya watu 300,000 wa mkoa uliokuwa ukiitwa Bujumbura Vijijini waliwekwa katika kambi zaidi ya 50. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kijeshi: kumtenga mpiganaji na mwananchi, na kumlinda mwananchi.

Makala haya hayakusudii kufungua upya kesi ya vita. Yanauliza swali la riziki tu. Je, Septemba ni mwezi gani kwa mkulima wa Burundi? Ni mwezi wa kuandaa shamba na kungoja mvua za kwanza. Anayekosa kupanda Septemba na Oktoba hukosa mavuno ya Januari. Kwa hiyo kaya iliyoondolewa mlimani mwishoni mwa Septemba haikupoteza juma moja. Ilipoteza msimu, na aliyepoteza msimu hula mbegu zake, na aliyekula mbegu zake huingia msimu wa pili akiwa mikono mitupu.

Katika kambi nyingi watu waliruhusiwa kwenda mashambani kwa siku na saa zilizopangwa tu. Tuipige hesabu hiyo kama tunavyopiga hesabu ya doria. Ikiwa shamba liko mwendo wa saa mbili, kwenda na kurudi ni saa nne. Mtu aliyeachiwa asubuhi jua likiwa limekwisha kupanda, na akatakiwa arudi mapema alasiri, anabakiwa na muda wa kung'oa viazi vya kula usiku huo. Hana muda wa kupalilia, wala wa kutia samadi. Samadi yenyewe imetoka wapi, ikiwa mbuzi wameuzwa kwa bei ya kutupa au wameibwa? Na usiku, nani analinda ndizi zilizokomaa? Nyumba tupu ziliporwa milango na mabati. Kambini maji yalikuwa haba, maradhi ya kuhara na kipindupindu yakafuata, na waliotangulia kufa walikuwa watoto wadogo na wazee.

Mwalimu Julius Nyerere, aliyekuwa msuluhishi wa mgogoro wetu, alifariki tarehe 14 Oktoba 1999, majuma machache tu baada ya kambi hizo kuanza. Nelson Mandela alipochukua nafasi yake alizitaka zifungwe, na katika mwaka 2000 watu wakarudi milimani. Tarehe 28 Agosti mwaka huo Mapatano ya Arusha yalitiwa sahihi, na itifaki yake ya nne ilieleza jinsi ya kuwarudisha wakimbizi na watu waliopoteza makazi, na haki yao ya kurudishiwa ardhi au kulipwa fidia. Kwa mkulima, maneno hayo yalikuwa na uzito kuliko yote yaliyohusu vyeo na viti.

Jirani Walijifunza Nini?

Tusidhani kwamba mambo haya hutokea wakati wa vita tu. Jirani zetu wa Tanzania waliyaona wakati wa amani, tena kwa nia njema. Tarehe 6 Novemba 1973 Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na kazi hiyo ikamilike kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Kabla ya hapo watu wengi walikuwa wakishawishiwa. Baada ya hapo operesheni zikaenea, na malori, yakiwemo ya jeshi, yakatumika. Kwa hesabu za serikali yenyewe, kufikia 1977 watu wapatao milioni 13 walikuwa wakiishi vijijini.

Lazima tukiri mema yaliyopatikana. Ilikuwa rahisi zaidi kujenga shule, zahanati na visima mahali ambapo watu wako pamoja, na watoto wengi waliingia darasani kwa sababu hiyo. Lakini mahali pengi watu walihamishwa wakati wa kilimo, nyumba zao za zamani zikavunjwa wasirudi, na vijiji vikapangwa kwa kufuata barabara badala ya kufuata udongo na maji. Shamba zuri likabaki mbali, na shamba la karibu likachoka upesi kwa sababu wote walililima. Ukame wa 1973 hadi 1975 ulipokuja, nchi ililazimika kununua nafaka nyingi kutoka ng'ambo. Wataalamu wanabishana hadi leo ni sehemu gani ya upungufu ule ilitokana na ukame na sehemu gani ilitokana na uhamisho. Wengi wanakubali kwamba vyote viwili vilikuwamo.

Hata hivyo ni katika nchi hiyo hiyo ya Tanzania ambapo Warundi walionyesha kwamba mtu aliyehamishwa aweza kusimama tena. Baada ya mauaji ya mwaka 1972, maelfu kwa maelfu ya ndugu zetu walivuka mpaka, nao wakapelekwa katika misitu ya magharibi: Ulyankulu, Katumba, na baadaye Mishamo, iliyofunguliwa mwaka 1978. Walipewa jembe, mbegu, chakula cha miezi ya mwanzo, na zaidi ya vyote walipewa ardhi ya kutosha kuifyeka na kuilima. Methali ya Waswahili husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kule methali ilitimizwa. Baada ya miaka michache hawakuhitaji tena posho. Walilima mahindi, maharage, mihogo na tumbaku, wakalipa kodi, wakalisha masoko ya wenyeji wao. Ulyankulu, ambako maji na ardhi havikutosha, sehemu ya watu ilibidi wahamishiwe Mishamo. Udongo uleule ulioamua nani ashibe ndio uliosema pia nani ahame tena.

Kurudi Pasipo Shamba

Kisha amani iliporejea, mizani ikageuka. Kati ya mwaka 2002 na 2009 karibu nusu milioni ya Warundi walirudi nchini. Kati yao walikuwamo zaidi ya 50,000 wa kundi la 1972, ambao walitoka katika makazi yale ya Tanzania. Wenzao zaidi ya 160,000 walichagua uraia wa Tanzania. Wengi wa kundi hilo la 1972 waliorudi walikuwa watu waliozaliwa huko, na walikuja wakiulizia mlima ambao wameusikia katika hadithi za wazazi tu.

Katika Rumonge, kwenye ukanda wa michikichi kando ya ziwa, walikuta watu wengine wanalima. Baadhi ya hao walikuwa wamepewa ardhi hiyo na serikali za zamani, wakakaa hapo miaka zaidi ya thelathini, wakazaa na kuzika. Nani mwenye haki? Tume ya ardhi na mali nyingine iliundwa mwaka 2006 kushughulikia kesi hizo, na kesi zilikuwa nyingi kuliko ilivyodhaniwa. Kwa wale wasiokuwa na pa kwenda vilijengwa vijiji vya pamoja, na Mutambara, huko huko Rumonge, ni kimojawapo. Watu walipata nyumba zilizopangwa mstari, karibu na barabara, karibu na jirani wa kabila lolote. Hilo ni jambo jema kwa amani. Lakini katika vijiji vya namna hiyo lalamiko moja lilisikika kila mahali: nyumba ipo, shamba liko wapi? Mtu aliyevuna magunia Mishamo alijikuta akilima kibarua katika shamba la mwingine.

Maji Hayabagui, Lakini Hasara Hubagua

Na tusidhani kwamba mambo haya yamebaki katika historia. Kuanzia mwaka 2020 mto Rusizi ulifurika ukaizamisha Gatumba, na Ziwa Tanganyika likapanda hata mwaka 2024 kikafikiwa kiwango kilichowakumbusha wazee mwaka 1964. Hapa kusini mwa Bujumbura nyumba za kando ya ziwa ziliingiliwa na maji, nazo ni nyumba za watu wenye uwezo. Gatumba maelfu ya watu walihamia kwenye mahema, na baadhi walipelekwa katika vilima vya Mubimbi.

Tulinganishe. Mwenye nyumba ya kifahari kando ya ziwa hupoteza ukuta na bustani. Ni hasara ya kweli, lakini Jumatatu anakwenda ofisini na mshahara wake uko pale pale. Mkazi wa Gatumba aliishi kwa ndagala, kwa mpunga wa bondeni na kwa biashara ndogo za mpakani. Ukimpandisha mlimani umemwokoa na maji, na hilo lilikuwa lazima lifanyike. Lakini mlimani hakuna mtumbwi, hakuna mpunga, wala mpaka hauko karibu. Basi asishangae mtu akimwona anateremka tena kuelekea kule kule alikookolewa. Hakurudi kwa ukaidi. Anaufuata mshahara wake.

Wajibu wa Mwenye Sare

Je, sisi tulio chini ya amri twaweza kufanya nini? Uamuzi wa kuhamisha watu si wetu. Lakini utekelezaji hupita mikononi mwetu, na katika utekelezaji ndimo riziki hupona au hufa.

Kwanza, afisa anayepewa amri hiyo na aulize juu ya majira. Pasipo hatari ya kufa leo au kesho, kungoja mavuno majuma matatu ni msaada mkubwa kuliko magunia ya msaada ya miezi mitatu.

Pili, orodha iandike mali pamoja na majina: mipaka ya shamba, migomba, mifugo, na mashahidi wawili wa mlima ule. Mali bila daftari hupotea bila habari. Sheria ya ardhi ya mwaka 2011 imeruhusu komini kutoa vyeti vya ardhi, na mkulima mwenye cheti ana neno la kusema atakaporudi. Tena mjane aandikwe kwa jina lake mwenyewe. Kwa desturi yetu ardhi hupita kwa wanaume, na asiyeandikwa wakati wa kuondoka ndiye wa kwanza kusahauliwa wakati wa kugawa.

Tatu, njia ya kwenda shambani ihesabiwe kuwa njia ya ugavi. Hakuna kamanda anayefunga njia ya chakula cha kikosi chake mwenyewe.

Nne, mlima uliobaki mtupu ulindwe. Ndizi ya mtu aliyeondoka si ndizi isiyo na mwenyewe. Askari anayeikata amemwibia mtu ambaye yeye mwenyewe alimwamuru asiwepo kuilinda, na hakuna wizi mbaya kuliko huo. Polisi anayempata mporaji wa mabati na amshike siku ile ile, maana bati moja ni akiba ya mkulima ya mwaka mzima.

Tano, ripoti iseme kweli. Ripoti isemayo kwamba kaya kadhaa zimehamishwa salama haijasema jambo bado. Iulizwe baada ya msimu mmoja: wangapi wamepanda? Wangapi wamevuna? Wangapi wamerudi walikotoka, na kwa nini?

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya wizara za kilimo. Na wakumbuke kwamba jeshi letu la leo na polisi yetu ya leo, vilivyoundwa upya mwishoni mwa mwaka 2004, vimekusanya watoto wa pande zote za vita vile. Katika kikosi kimoja yupo aliyelelewa kambini, yupo aliyezaliwa Katumba, yupo ambaye nyumba ya baba yake ilibaki bila mlango. Na kila mmoja wetu, siku atakapovua sare, atarudi mlimani kutafuta kipande cha kulima. Siku hiyo tutatamani kukuta kwamba aliyeshika orodha alikuwa mtu makini.

Kesho alfajiri akina mama watapita tena hapa Kinindo. Ukiwa katika lindo, utazame vikapu vyao. Kikapu kilichojaa maana yake ni kwamba mahali fulani mlimani mtu amelala karibu na shamba lake, na amelima kwa wakati. Sare tuliyovaa imewekwa kulinda jambo hilo.